Mpaka wa Wapi

Bibi yetu wa Wete alisema: huyu ana rubamba,
apungwe, aulizwe anataka nini.
Ustadhi akamwandikia kombe kwa zafarani,
akalinywa lote, akaomba la pili.
Majirani hawakuandika kitu. Walisema: jeuri,
kaachwa mara mbili, ya tatu iko njiani.

Daktari wa Kidongo Chekundu, mpole, miwani imemlegea,
alitaja jina refu lenye "mpaka" ndani yake.
Mama akauliza: mpaka wa wapi na wapi?
Daktari akacheka kidogo, kisha hakucheka.

Mimi najua haya tu:
saa nane usiku simu, "Dada, usiniache,"
saa mbili asubuhi, "Usinipigie mpaka nife."
Magharibi kaniletea mkate wa kumimina, ukingo umeungua,
mikono ya baibui kaivuta hadi vidoleni,
kasimama mlangoni, hajui kama aingie.

Kombe halikumdhuru. Vidonge anavimeza, siku nyingine havimezi.
Nami nimejifunza kusema, hata nikiwa nimekasirika:
nakwenda sokoni, Mkasi, narudi adhuhuri.
Na adhuhuri niwe nimerudi.