Kipande cha Kioo

Walikuja watatu, kofia ngumu vichwani,
wakabandika kipande cha kioo juu ya ufa
ukutani kwa Gulvardi, kijiji cha Nakvari,
kule Georgia, theluji inakolala hadi Mei.
"Kikivunjika, tutajua nyumba inasogea."
Wakaandika tarehe kwa wino mwekundu.
Wakanywa chai yake, wakala jibini yake, wakaondoka.

Chini ya kijiji baruti ilichimba handaki
ili mto ugeuzwe umeme.
Baruti ilinunuliwa kwa mkopo,
na mkopo ulitoka kwenye jengo la vioo vitupu
ambavyo havijui ufa.
(Wahenga walishasema kuhusu ufa. Sirudii.)

Kioo kilivunjika usiku wa tisa,
kwa sauti ndogo, kama jino kwenye donge la sukari.
Akaviokota vipande, akavitia kwenye kopo.

Nestani wa jirani akamjazia fomu ya malalamiko.
Swali la nne: Madhara yalianza lini?
Saa nane usiku.
La saba: Umejaribu kuzungumza na wahusika?
Niliwapa chai.
La kumi na moja: Unadai nini?
Hapo kalamu ikasimama.

Dawa ya deni kulipa, hilo twalijua sote.
Serikali inadaiwa, itajifunga mkanda, italipa;
hata Gulvardi analipa, kwenye bei ya mkate na balbu.
Lakini benki nayo ikikopa,
ikikopa ukuta wa mtu, usingizi wa mtu,
nani ataibishia hodi?
Mlango wake ni wa kuzunguka:
unausukuma, unakurudisha barabarani.

Jibu lilifika baada ya miezi kumi na minne.
Malalamiko yako yana mashiko.
Kisha *hata hivyo*,
na nyuma ya hata hivyo, kurasa sitini na mbili:
benki haishtakiki, benki ina kinga.
"Kinga?" akauliza Gulvardi. "Kwani wanaogopa kuambukizwa nini?"

Mimi ndiye niliyeitafsiri ripoti ile.
Nililipwa kwa kila neno.
Kwa *samahani* sikulipwa;
halikuwemo.

Jana nimemsindikiza posta.
Amevifunga vile vipande kwa gazeti,
anwani: wakurugenzi, ghorofa ya kumi na mbili.
Karani akauliza, niandike ni kitu gani?
Gulvardi akafikiri kidogo, foleni ikinung'unika nyuma yetu.
"Andika amana," akasema.
"Nitakuja kuichukua."