Hesabu ya Mgongoni

Wa kwanza kujua alikuwa punda.
Watoto watano barazani kwa Bwanaheri,
naye akaipita mikono minne bila kuinusa,
akasimama kwa Lali,
akamlamba kuanzia kiwiko hadi kidole.
Tulicheka. Bibi yake hakucheka.
Alimwosha kwa maji ya mvua ya birikani, mara tatu,
akambusu kipaji, akasema:
"Mtoto huyu yuna munyu usiotoka."

Miaka miwili baadaye daktari wa Mombasa
aliupa munyu huo jina refu
ambalo mimi, mshona kofia wa Langoni,
hulitamka kama mtu atafunaye mfupa.
Kabla yake tulikuwa tumepewa majina mafupi:
pumu, nimonia, kifua kikuu,
na jirani mmoja akanong'ona, hasadi.
"Nusu imetoka kwako," daktari alisema, "nusu kwa mkeo."
Mwanajabu akaitazama mikono yake
kana kwamba amekutwa na kitu cha wizi.

Basi sasa, baada ya alfajiri, kabla ya chai,
namlaza kwa ubavu juu ya mto,
nakunja kiganja kama anayeteka maji ya udhu,
nampiga.
Si kofi. Sista Dhahabu alinifundisha:
mkono bapa huumiza, mkono wenye shimo huita.
Sauti yake ni ya kwato kichochoroni.
Mia upande wa kushoto, mia wa kulia,
na karibu na kwapa, pale anapochekea.

    Kohozi gumu, banduka,
    usilale, tikisika,
    mlango wazi, ondoka,
    kesho najua wafika.

Hukohoa. Hutema katika kikombe cha bati.
Naitazama rangi kama nitazamavyo nyuzi dukani:
nyeupe, nashusha pumzi;
manjano, nampigia sista simu;
kijani cha mwani,
namwambia Mwanajabu akunje nguo.

Mwaka huu tumekunja mara tatu.
Kichupa cha kohozi husafiri kwa basi, ndani ya barafu,
nimekipakata,
na kwenye kila kizuizi askari huuliza ni nini hicho.
Nilimjibu mmoja: ni mwanangu.
Akanirudishia bila kufungua.

Siku kumi na nne za dripu.
Mdudu ni yule yule, alisema daktari, amejenga,
hafukuzwi, husogezwa tu mbali na mlango.
Nilitaka kusikia neno kupona.
Alinipa neno kutunza.
Nililikunja nikalitia mfukoni pamoja na risiti,
na tangu hapo sijalitoa.

Nyumbani mashine hunguruma robo saa,
humvutisha mvuke wa maji ya chumvi. Ndiyo, chumvi:
ile imtokayo na hii imwingiayo,
niliuliza mara moja, nikaelezwa, nikaitikia,
sikuelewa.
Umeme ukikatika nabeba mashine na mtoto
hadi kwa Bwanaheri mwenye betri ya sola,
na punda, mlangoni, hutupisha
baada ya kuchukua mlambo wake mmoja.

Kuna siku nashindwa.
Jumanne nilikuwa na kofia ya bwana harusi,
vitundu mia nane vimebaki na mwenyewe anapiga simu.
Nikapiga mia moja, nikasema ni mia mbili.
Lali, uso ukiwa mtoni mwa kulalia,
akasema, "Baba, umeiba."
Nikaanza upya. Moja.

Ana miaka saba. Hula vidonge kabla ya sambusa
kama wenzake wasemavyo bismillahi.
Jana alinikuta nimejilaza kifudifudi sakafuni,
mgongo umenikaza kwa kushona.
Hakuuliza. Alikunja kiganja,
akanipiga sawasawa, bila haraka, akihesabu kwa sauti,
akafika hamsini na tatu, akasita akohoe,
akaendelea na hamsini na nne.
Alipomaliza aliniletea kikombe,
akainama, akachungulia ndani,
akauliza ni rangi gani.