Chenga za Chai Kuukuu

Nina elfu mbili na mia tatu, nauli nimeshaitoa.
Duka liko ghorofa ya pili, Hurlingham, juu ya duka la dawa,
na Bi Qiu amenipangia miaka mezani
kama fundi viatu anavyopanga soli:
huu wa kumi, huu wa kumi na minane,
na huu, asema, ulikuwa mzee tayari nilipoolewa.

Mikate ya chai, mviringo, imebanwa ikakauka kama chapati ya juzi,
kila mmoja na karatasi yake, mhuri wake, tarehe yake.
Tarehe siiamini.
Miaka tisa nimefanya kazi kwenye masjala ya ardhi,
nazijua hati kongwe zilizozaliwa jana:
unaichovya karatasi kwenye chai, unaianika.

Basi naomba kunusa.
Kasyoka, msaidizi wa dukani, anatabasamu.
"Wengine hulamba."
Wa kwanza unanuka gunia lililonyeshewa,
na ukungu umekaa ukingoni kama chumvi. Kando.
Wa pili haunuki kitu. Mzee asiye na harufu ana lake jambo.
Wa tatu,
nasimama.
Unanukia kibanda cha kupimia majani, kule Nyamira,
lori likishaondoka
zikabaki mbao na kivuli.

Baba huchuma chai. Majani mawili na chipukizi,
kilo kwa shilingi ishirini na kitu, na bonasi ya Oktoba
ambayo hufika ikiwa imeshagawanywa.
Iliyo nzuri ilikwenda zake.
Sisi tulikunywa vumbi lake, maziwa tele, sukari tele,
tukaliita chai.

Nauliza bei ya wa tatu.
Kasyoka anabonyeza kikokotoo, anakigeuza taratibu
kama daktari mwenye picha ya eksirei.
Elfu kumi na nne.

Ya kale ni dhahabu, husema wenye dhahabu.

Kuna ya haraka, Bi Qiu ananieleza,
ile inayolundikwa, ikamwagiwa maji, ikafunikwa siku arobaini na kitu.
"Kama ndizi za kuvundika," nasema.
Kasyoka anamfafanulia kwa mikono; Bi Qiu anacheka,
hakujua kuwa tuna neno.
Si mbaya hiyo. Nyeusi, laini, haina ugomvi na tumbo.
Na kuna mbichi, ya mwaka juzi, inakamata ulimi kama zambarau,
elfu moja na mia tano mkate mzima.
"Hii bado. Nenda nayo nyumbani. Ngoja."

Nikangoje wapi? Chumba changu kiko Umoja,
ukuta mmoja hulia kila Julai,
na Mama Kerubo wa mlango wa pili hukaanga omena jioni,
na chai, naambiwa, hunywa kila harufu ya jirani.
Nitaiweka kwenye chungu, juu ya kabati, mbali na sabuni.
Nikihama, nahama nayo.
Miaka sina uwezo wa kuinunua;
nitaitia mwenyewe, mmoja mmoja,
kama alipiaye kiwanja kwa awamu.

Zimebaki mia nane.
"Na chini ya sanduku la wa tatu?"
Kasyoka analiinamisha: chenga,
vipande vilivyokimbia kisu.
Gramu thelathini kwa mia saba.
Bi Qiu anapima, kisha anaongeza kibano cha vidole
bila kutazama mizani.

Usiku nachemsha maji. Ya kwanza namwaga, nilivyofundishwa.
Ya pili ina rangi ya mlango wa zamani.
Mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo la sukari; naurudisha.
Nampigia baba, namwambia nimerudia kunywa vumbi.
"La wapi?"
"La Wachina. Limenizidi umri kidogo."
Anakaa kimya. Nasikia redio yake, na mbwa.
"Haya, ni tamu?"
Nakunywa tena kabla ya kumjibu.