Kitanda Kisicholaliwa

Nilipomwambia Fundi Shaame nataka kitanda
alichomoa penseli sikioni, akauliza:
cha mtu mmoja au cha wawili?
Cha kufumia, nikasema.
Akacheka mpaka randa ikamponyoka,
kisha akapima urefu wa mtu, vile vile,
maana mikono yake haijui kipimo kingine.

Basi kipo ukumbini, hapa Limbani, kinaziba njia ya jikoni.
Bi Mgeni akija kuazima mbuzi ya kukunia
hupita ubavu ubavu, husema:
Wete nzima inatoka jasho, wewe unafuma sufi!
Simjibu. Si yeye aliyeipokea simu yako, Raya,
usiku ule uliponiambia kuwa huko Makete
maji ya bomba yanauma kama siafu,
kuwa unazalisha wake za watu na pumzi yako
inakutoka mdomoni kama moshi wa kuni mbichi.
Ulicheka. Mimi nilikaa na simu mkononi hata ikajizima.

Uzi wa namna hiyo huku hauuzwi.
Nikamvizia Makame siku ya kufungua robota la mitumba.
Masweta hayana mnunuzi;
aliniachia saba kwa bei ya bakuli mbili za urojo.
Nikayafumua kuanzia shingoni, kila moja likatoa tabia yake:
huu una manyoya, kama paka anayeota jua,
huu una vinundu, kila shubiri nundu,
mtu wa kigugumizi anayesimulia harusi;
huu umesokotwa na zari, unajiona;
huu umejikunja vipete vipete,
ukiuvuta unarefuka, ukiuachia unarudi kwao.
Na huu wa zambarau haujui unene wake,
hapa kamba, pale unywele.

Mimi ni mtoto wa ukili. Miyaa ina adabu:
uchane, uchovye rangi, uanike, inakutii.
Nyuzi hizi hazikulelewa nyumba moja.
Mtande nikautanda kwa pamba nyeupe isiyo na makuu,
maana kila ukoo una mmoja wa kuwabeba wenzake,
kisha mshindio nikauachia ugomvi wake.

Wa manyoya ukang'ang'ania jirani.
Wa vinundu ukakwama kwenye chanuo,
nikaukwamua kwa sindano ya kushonea kofia.
Mara mbili mtande ulikatika;
mara ya pili ulikatika pamoja na umeme,
nikaunga kwa kupapasa.
Fundo lipo. Utalikuta chini ya bega la kushoto.
Liache.

Rangi sikuzipanga.
Ilikuja manjano ya bungo lililopasuka,
ikaja kijani cha karafuu kabla haijaona haya,
ikaja buluu ya milango ya skuli yenu,
ile uliyoichafua ukachapwa.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina.
Huu nimeutazama huku na huku, hauna mji.
Na jina, kila nililolifikiria
lilikuwa la kumsema mtu.

Lakini ndani ya ukosi wa sweta jekundu, dogo, la mtoto,
nilikuta kitambaa chembamba kilichoshonwa kwa mkono:
herufi tano, mtu nisiyemjua,
wa nchi ambako mama huwaandika watoto shingoni
wasije wakapotelea kwenye baridi.
Nilitaka kukitupa.
Nimekishona upande wa ndani, penye ncha,
na chini yake, kwa uzi mweusi, herufi zako nne.

Kesho mtandio unapanda meli ya asubuhi
ndani ya mfuko wa sukari, pamoja na halua
na chupa ya mafuta ya karafuu. Usiigawe yote.
Jitande, mwanangu. Na ukiwa zamu
akaja mzazi asiye na kitu cha kumkunjia mtoto,
mpe, amkunjie.
Damu ikiugusa, ufue kwa maji baridi,
ambayo, alhamdulillahi, huko unayo ya kutosha.