Kumi ya Nini?

Ofisi ilikuwa juu ya duka la nyavu, Kirumba,
feni moja, viti viwili, kalenda ya mwaka jana.
Bwana Luhende alisogeza fomu kwa ncha ya kidole:
"Laki tatu, mama. Riba ni asilimia kumi tu."
Hilo "tu" alilitamka kama anapuliza chai.

Mimi ndiye niliyepelekwa kusoma.
Darasani asilimia nilikuwa nazijua usingizini:
gawa kwa mia, zidisha, piga mstari chini ya jibu.
Nikakokotoa kiganjani. Elfu thelathini.
Jibu sahihi. Nikampa mama kalamu.

Hakuishika.
"Kumi ya nini?" akauliza.
"Ya mwaka? Ya mwezi? Hiyo kumi haina kwao?"

Feni ikazunguka.
"Ya wiki," akasema Luhende, akitazama dirishani.

Mama akafungua fundo la khanga,
akatoa dagaa wale wa kuonjesha wateja,
akapanga kumi juu ya fomu, vichwa upande mmoja.
"Hawa ndio laki tatu zako."
Kisha mmoja pembeni, wiki ya kwanza,
mwingine, wiki ya pili,
imo, ibili, idatu, kwa Kisukuma,
kama anavyohesabu sado asipotaka mnunuzi amkatize,
hadi wiki ya kumi na mbili.
Pembeni kumi na wawili.
Na wale kumi wamelala palepale, hakuna aliyeguswa.

"Mtoto amemzidi mamaye," akasema,
"na mama mtu bado anadaiwa.
Tena mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi ikilala mchangani,
riba yako nayo hulala?"

Luhende akasema riba haina habari na mwezi.

Paka wa ofisini akanyakua dagaa mmoja.
"Huyo ndiye ada ya fomu," akasema mama, akainuka.

Tukashuka hadi Mwaloni, jua la saa sita, harufu ya samaki.
Nyanzobe alikuwa anapima.
Mama, huku akimsalimia, akiuliza hali ya wajukuu,
alitia ngumi ndani ya sado
kujua kama kitako kimebonyezwa.

Usiku nilifungua daftari langu la hisabati.
Thelathini elfu, vema nyekundu.
Arobaini na tano, vema nyekundu.
Ukurasa baada ya ukurasa, namba zisizo na kwao.
Nikachukua penseli,
nikaanza kuandika pembeni: ya nini?
Kibatari kikazimika kabla sijafika nusu.