Kuvisha Ngoma

Nilizinunua kwa mjane wa Orrin Lindqvist, mjini Duluth,
mwezi wa pili, barafu ya ziwa ikipasuka usiku
kama mtu anayevunja mbao chumba cha pili.
Ngoma nne: besi, tomu mbili, na snea iliyoota kutu.
Dola mia tatu na hamsini, taslimu, juu ya meza ya jikoni.
Alizihesabu mara mbili. Hakuniuliza ngoma nazitakia nini.

Mimi mchana napeleka barua za watu.
Jumamosi napiga harusi.

Wahenga husema ngoma ivumayo haidumu.
Hizi zimevuma tangu mwaka sitini na nne,
kumbi za wachimba chuma, harusi za Wafini,
na kilichopasuka ni nguo tu:
plastiki nyekundu ya kumetameta, imesinyaa kwenye mshono,
imejikunja kama ukucha,
imepauka upande uliozoea kutazama dirisha.

Nikashuka nazo chini ya nyumba, kando ya tanuri.
Nikafungua skrubu zote, nikaziloweka kwenye siki
ndani ya kopo la kahawa.
Nikaisugua nikeli kwa karatasi ya alumini na maji
mpaka uso wangu ukarudi, mdogo, umepinda, katika kila kifungo.
Mashine ya nywele ya binti yangu ikapuliza moto,
nami na kisu cha siagi, polepole, nikivua.
Gundi ya miaka sitini ilikubali kwa sauti
ya plasta inayobanduliwa gotini.

Chini yake, mti mtupu.
Ubavuni mwa tomu kubwa, fundo jeusi,
na maandishi ya penseli, mkono wa mtu wa kiwandani nisiyemjua:
*Fundo. Funika.*
Nilikaa nayo kitambo, juu ya ndoo.
Ningeweza kusema kitu hapa juu ya binadamu. Sisemi.

Kingo nilizisawazisha juu ya kioo cha meza,
msasa chini, ngoma juu, nikiizungusha kama anayesaga,
mpaka taa niliyoiwasha ndani
haikupenyeza hata uzi wa mwanga.

Niliagiza nyekundu ileile, kwa heshima ya marehemu.
Gundi hii haina msamaha: ikigusana, imegusana.
Unapanga vijiti katikati, unalaza nguo,
unachomoa kijiti kimoja, unakandamiza kwa kiganja,
kingine, unakandamiza,
hupumui.
Besi ikavaa. Snea ikavaa. Tomu ndogo ikavaa.
Nikampigia simu mjane, kifua kimenijaa.
Kimya. Kisha:
"Nyekundu? Miaka thelathini
nilimwomba yule mtu anunue buluu."

Tomu yenye fundo ilibaki uchi benchini siku kumi na moja
mpaka mzigo wa pili ukafika.
Niliubeba mwenyewe, kwenye mfuko wa posta,
nikajikabidhi mlangoni pangu.
Buluu ya ziwa lile mwezi wa saba, saa nne asubuhi.

Jumamosi, ukumbi wa chama cha wafanyakazi,
nyuzi ishirini chini ya sifuri. Baridi imezilegeza ngozi;
nikakaza, nikagonga, nikasikiliza, nikakaza tena.
Wendell Przybylski, wa akodioni, akatazama:
"Moja imekosea nguo."
"Haijakosea," nikamwambia. "Hesabu."

Bi Lindqvist hakuja; nyonga inamsumbua.
Nilimrekodia polka moja kwa simu, na kile kipande
ambapo mkono wa kulia unashuka kwenye buluu
na hauna haraka ya kuondoka.
Akajibu neno moja: *Afadhali.*

Usiku wa manane, nikiitoa, ikakwaruza fremu ya mlango.
Mkwaruzo wa urefu wa kidole, karibu kabisa na fundo.
Nikalamba kidole gumba, nikapangusa. Haukutoka.
Haya basi.
Nikaipakia garini ya mwisho,
Jumamosi ijayo ishuke ya kwanza.