Msugua Karatasi

Mimi sijui kuchora hata jani.
Kazi yangu ni jiwe la akiki, ubao laini,
na karatasi iliyolala usiku kucha
katika wanga na ute wa yai.
Nasugua mpaka bega linalia.
Karatasi mbichi hunong'ona chini ya jiwe;
iliyoiva hunyamaza.
Ndipo Ustadi Farokhzadi huinua ukurasa dirishani,
akaupepesa kidogo, akasema,
"Zarintaji, leo umenipa maji."

Enzi za marehemu mume wangu kurasa zilijaa:
farasi, mikuki, mahema ya wafalme,
damu nyekundu ya kupendeza,
nzi asingepata pa kutua.
Siku hizi Isfahani wanunuzi ni watu wa soko,
muuza hariri, mpima zafarani,
nao wanataka mtu mmoja tu.
Mmoja, ameegemea mto,
au amesimama kama aliyesahau alikotumwa,
kiatu kimoja kimemtoka.
Sikujua upweke una bei.

Jumanne moja wakaletewa kijana wa tanuri,
Yadigari, mwana wa Bibi Khanzada,
yule aokaye mkate juu ya kokoto za moto.
Wakamvika joho la kuazima,
kilemba chenye unyoya wa korongo.
Chanda chema huvikwa pete, watu husema;
chake kilivikwa pete ya mke wa Ustadi,
ikakwama kwenye fundo, ikatolewa kwa sabuni.
Unga ulibaki chini ya kucha.
Ustadi hakuuchora.

Alichora nyusi kwa manyoya matatu ya paka,
kwa mkono uliozuia pumzi.
Mstari wa bega ukaanza mwembamba,
ukanenepa kwenye kiwiko,
ukafa polepole katika mkunjo wa mkono wa joho.
Mshipi akautia kijani cha kutu ya shaba,
na kwa haraka akasahau kuuchanganya na zafarani.
Niliona. Sikusema. Nani angemsikiliza msugua karatasi?

Kijana alitazama nje ya ukurasa, kushoto,
macho yamelegea.
Muuza hariri aliponunua alishusha pumzi:
"Tazameni, anamwaza mpenzi!"
Akaibandika ndani ya albamu yake
mkabala na beti za mberoshi na mwezi.
Mimi nilikuwapo. Kushoto ndiko lilikokuwa dirisha,
na dirishani ulikuwa ukiingia moshi
wa mikate kumi na miwili aliyoiacha bila mtu.

Wageni waliusifu wino, waliisifu midomo,
mwingine akasifu kiatu.
Sehemu kubwa ya ukurasa ule haina kitu:
pande zote za mtu, weupe,
na kishungi kimoja cha majani ya dhahabu
ili asielee.
Weupe ule ni bega langu.

Miaka kumi na tisa baadaye albamu ikarudi karakanani.
Ile kutu ilikuwa imeula mshipi;
kijana amekatika kiunoni kama biskuti.
Ustadi yuko kaburini, kwa hiyo nikaitiwa mimi,
nipachike kiraka kwa nyuma.
Asubuhi hiyo mkate ukaletwa na mwokaji mwenyewe,
tumbo mbele, ndevu zimeungua upande mmoja.
Akainama juu ya ubao wangu.
"Mwana wa mkuu gani huyu?"
"Mkuu wa tanuri," nikamjibu.
Hakuelewa. Akatazama tena,
akauliza kwa sauti ya chini,
"Mbona wamemwacha peke yake hivi?"

Nilitaka kumwambia kuhusu pete na sabuni.
Badala yake nikamuuliza bei ya mkate.

Alipokuwa akinyanyuka aliweka kidole gumba
juu ya ule weupe, kando ya bega la kijana.
Alama ya unga, nyeupe juu ya nyeupe,
huioni mpaka uulaze ukurasa upande wa taa.
Nikachukua jiwe niifute.
Jiwe lilikuwa baridi. Nikalirudisha mfukoni,
nikakata mkate, nikala ukiwa bado moto,
kokoto moja imenasa chini yake.